Mbegu ya Ulezi

Asubuhi walinzi wa mbegu ya Ulezi walipoingizwa chuo, Zaituni Shemdoe alitamani wafeli wote.

Hakuwa na desturi ya kutamani mabaya. Katika Kitalu, ile nyumba ndefu nyeupe iliyojengwa pembezoni mwa msitu juu ya mji wa Lushoto, hapakuwa na mkulima wa seli mwenye mkono mwema kama wake. Wenzake walisema Zaituni akipanda jiwe litachipua. Alikuwa akiingia kwenye vyumba vile vya hewa iliyochujwa kama mtu anayeingia jikoni kwake, anafungua kabati la joto, joto lile lile la mwili wa mtu, anatoa chupa bapa moja moja na kubadilisha ule uji mwekundu uliokuwa chakula cha seli. Akiona chupa imepauka, huumia. Akiona imestawi, hutabasamu peke yake nyuma ya barakoa.

Siku hiyo chupa za Ulezi zilikuwa zimestawi kuliko zote, naye hakutabasamu.

Alichukua tone dogo, akaliweka chini ya hadubini, akatazama kwenye kioo cha mezani. Kazi ya chuo ilikuwa imeanza. Chuo chenyewe kilikuwa kitezi kidogo kama punje ya kunde, kilichooteshwa hapo hapo Kitaluni, mfano wa tezi ambayo kila mtoto huzaliwa nayo kifuani na ambayo husinyaa kadiri anavyokua. Humo walinzi wachanga, yaani seli za kuulinda mwili, hufundishwa mambo mawili: kumjua adui, na kutompiga mwenye nyumba. Somo la pili ndilo gumu. Ili wajifunze, huwekewa chembe chache za mgonjwa watakayekwenda kuishi ndani yake. Atakayemrukia mgonjwa huondolewa. Atakayempapasa, akamtambua, akamwachia, huyo amefaulu.

Walinzi wa Ulezi walizisogelea chembe za mgonjwa. Wakazigusa. Wakatulia nazo kidogo, kisha wakaziachia taratibu, mmoja baada ya mwingine, wakaenda zao.

Bila shaka wangemjua, Zaituni alisema moyoni. Wamelala naye miaka tisa.

Kwa maana mgonjwa alikuwa Mahimbo, mume wake. Na mwanamke aliyetoa mbegu ya Ulezi alikuwa Sauda Kimea, mke wa kwanza wa Mahimbo.

* * *

Hilo alilijua Zaituni peke yake, na hakulijua kwa kupekua. Miaka ya nyuma, kabla hajaolewa, alikuwa akifanya kazi kwenye chumba cha kupokea watoa mbegu. Siku moja aliingia mwanamke mrefu mwenye mwanya, amejitanda kanga nyeusi. Watu wengi sindano ikiingia hutazama pembeni. Yeye aliitazama damu yake ikipanda kwenye mrija mpaka ikatosha. Zaituni alimweleza, kama alivyowaeleza wote, kwamba seli zake zingerudishwa utotoni, ziwe seli shina, changa kama za mimba ya siku chache, na kutoka hapo zingeweza kufundishwa kuwa walinzi wa damu kwa watu asiowajua na ambao hawatamjua.

"Nimeambiwa mwili huu hauzai," yule mwanamke alisema. "Basi uzae hapa."

Zaituni alimpenda bure. Kila mbegu ilipewa jina la nafaka ili jina la mtu lisitajwe tena, na zamu ya kuchagua ilikuwa yake. Akaiita Ulezi, kwa sababu ulezi hukaa ghalani miaka bila kuingiwa na wadudu.

Kisha akakutana na Mahimbo, mwendesha kamba ya mizigo ya angani inayoshusha mapeasi na mboga kutoka milimani hadi Mombo. Mtaratibu, mcheshi, aliyeachwa na mke. Wakaoana. Siku alipopelekwa kusalimia shangazi wa mumewe, akaiona picha ya harusi ya kwanza ukutani, na katika picha ule mwanya. Akanywa chai, akasifu maandazi, akarudi nyumbani bila kusema neno. Sheria ya Mbegu ilimkataza kusema. Wakati huo aliishukuru sheria.

Mahimbo hakumpa sababu ya wivu kwa jambo lolote ambalo mtu angeweza kulionyesha kwa kidole. Alimpenda, akampa heshima, na alipozaliwa binti yao Mishi akaanza kumwita Mama Mishi kama ilivyo ada. Lakini yule mwingine, kwa kuwa hakuwa na mtoto wa kuitiwa, alibaki Sauda. Likija kwenye mazungumzo, lilikuja jina lake tupu: Sauda alikuwa hapendi pilipili, mwaka ule wa mafuriko mimi na Sauda tulilala shuleni. Hakuwahi kumsema vibaya. Mwanamke aliyemwacha, akaondoka na sanduku lake mchana kweupe, na mwanamume hana hata tusi moja la kumpa. Zaituni angelala vizuri zaidi kama angesikia tusi moja.

Ndipo ikaja saratani ya damu. Dawa ziliisafisha, lakini ziliufagia na uboho wote, na sasa Mahimbo alilala kwenye wodi ya Kitalu nyuma ya ukuta wa kioo, mwili wake nyumba isiyo na mlinzi hata mmoja. Mafua ya mtoto yangetosha kumwua. Mashine ilipekua mbegu zote zilizohifadhiwa kwenye baridi, ikaleta mbili. Ulezi ililingana naye kama ndugu yake wa tumbo moja, jambo lisilo la ajabu kwa watu wa milima ile ile. Mtama ililingana naye kiasi. Zote mbili zikapandwa, zikuzwe sambamba, ili ichaguliwe iliyo bora.

Mkulima anayemjua mtoa mbegu alitakiwa ajitoe. Zaituni hakujitoa. Alijiambia kwamba hakuna mwingine angemkuzia mumewe walinzi vizuri kama yeye, na huo ulikuwa ukweli, ila haukuwa sababu.

Jioni alikwenda kukaa upande wake wa kioo. Mahimbo aliuliza habari za Mishi, akauliza habari za kazi, kisha akauliza kuhusu mbegu. Alitaka kujua kama huyo mtu, asiyejulikana, angekaa ndani yake mpaka lini.

"Mpaka ufe, Baba Mishi," Zaituni alimjibu.

Mahimbo akafikiri. "Basi nitamwombea kila swala," alisema, "mpaka nife."

Zaituni akaaga mapema, akisema kichwa kinamuuma.

* * *

Mkuu wa Kitalu alikuwa Dakta Kemilembe, mwanamke wa Bukoba, mpole, mwenye tabia ya kufunga macho anaposikiliza. Siku ya kuchagua alimwita Zaituni ofisini. Mashine ilikuwa imeshasoma chupa zote na kutoa alama zake, na alama za Ulezi zilikuwa juu. Lakini Kitalu kilikuwa na desturi yake: mashine husoma, mkulima husema. Mashine haikai na seli kutwa.

Zaituni alikuwa ameamka na nia ya kusema kweli. Aliibeba nia hiyo njiani kote, akaingia nayo mlangoni. Kisha Dakta akafumba macho na kumwuliza, naye akaisikia sauti yake ikisema kwamba Ulezi wanampa wasiwasi. Wanajifunza haraka mno, alisema. Wanakubali kila kitu. Anaogopa wakifika mwilini watakuwa wapole hata kwa saratani ikirudi. Mtama wanakwenda polepole, lakini ndio wa kuaminika.

Maelezo hayo hayakuwa ya kipumbavu. Yaliwahi kutokea kwa mbegu nyingine. Ndiyo maana yalimtoka kwa urahisi.

"Ni mume wako," Dakta Kemilembe alisema, akafumbua macho. "Nikikuamini wewe sijui nitamwamini nani. Tuchukue Mtama."

Mavuno yasiyochaguliwa hayakuruhusiwa kubaki. Hiyo nayo ilikuwa sheria, iliyotungwa baada ya watu kuuziana walinzi wa wenzao kwa siri. Kila mtoa mbegu aliruhusu mavuno kadhaa tu. Yakiisha, punje zake zilizobaki kwenye baridi hufungwa, na hazifunguliwi mpaka yeye mwenyewe aje kuweka kidole upya, kuwa ameridhia. Haya yalikuwa mavuno ya mwisho ya Ulezi.

Zaituni aliyamwaga kwa mkono wake. Alisimama kwenye sinki la chuma, akafungua chupa moja baada ya nyingine, akamimina kwenye klorini. Ule wekundu ulififia ukawa njano, kisha ukawa si kitu. Alitegemea kuona raha. Haikuja, akaosha sinki mara ya pili.

* * *

Walinzi wa Mtama waliingizwa kwenye mshipa wa Mahimbo asubuhi ya baridi, mfuko mdogo wa maji yenye ukungu. Siku za mwanzo alikula, akafanya mzaha na wauguzi. Kisha viganja vyake vikawa vyekundu kama vya mtu aliyefua kwa magadi. Kisha nyayo. Ngozi ikaanza kubanduka, tumbo likamharibikia, macho yakawa ya njano. Mtama hawakumjua mwenye nyumba. Walikuwa wamefaulu chuoni kwa alama za chini, na sasa ndani ya nyumba kubwa yenye vyumba vingi walikuwa wakimpiga kila walipomkuta.

Kila mlinzi aliyekuzwa Kitaluni alitiwa kitanzi, yaani dawa maalumu ikiingia mwilini anajiua mwenyewe. Dakta Kemilembe alingoja kadiri alivyothubutu, akitumaini watatulia. Hawakutulia. Akampa Mahimbo ile dawa. Mtama wakafa wote, na Mahimbo akarudi kuwa nyumba tupu, safari hii na ukuta umebomoka.

Zaituni alimtazama kupitia kioo akinyweshwa maji kwa kijiko. Alisimama pale mpaka muuguzi akamwuliza kama anahitaji kiti. Kisha akapanda ngazi mpaka ofisini, akafunga mlango, akasema yote: picha ya harusi, alama za mashine, sinki.

Dakta Kemilembe hakupaza sauti. Alinyoosha mkono, Zaituni akaweka ufunguo wa vyumba vya ndani kwenye kiganja chake.

"Kesi yako itakuja baadaye," Dakta alisema. "Sasa hivi nina mgonjwa."

Siku hiyo hiyo mjumbe wa Kitalu alipelekwa kwa mtoa mbegu, kama sheria ilivyotaka, bila kutaja mgonjwa, kumwomba aje kuweka kidole. Akarudi mikono mitupu. Mama yule, alisema, amekataa. Alikuwa ametoa mbegu akiwa na uchungu, na sasa uchungu umepoa. Hataki tena vitu vyake vizunguke kwa watu asiowajua.

Zaituni aliposikia hivyo hakumuaga mtu. Alikwenda kituoni akapanda gari la Bumbuli, alikokuwa akiishi Sauda.

* * *

Sauda alikuwa na banda la kukaushia matunda, vioo juu, trei za mapeasi na plamu zimepangwa chini yake, na wanawake kadhaa wakikata na kugeuza. Alikuwa amenenepa kidogo. Mwanya ulikuwa pale pale. Alimtazama mgeni kwa muda, akacheka.

"Wewe ndiye uliyenitoboa," alisema. "Umetumwa? Mwenzio alikuja jana, nimeshampa jibu."

"Sikutumwa, dada. Mimi naitwa Zaituni. Mahimbo ni mume wangu."

Kicheko kikakatika. Sauda akawaambia wanawake wakapumzike, nao wakatoka polepole kama watu wasiotaka kutoka. Akabaki na kisu mkononi na peasi lililomenywa nusu, na hakuviweka chini.

Zaituni alikuwa amejiandaa njiani kusema machache. Alipoanza hakuweza kuyapunguza. Alimweleza ugonjwa, na mbegu mbili, na jinsi walinzi wake Sauda walivyomgusa Mahimbo wakamtambua. Alimweleza kwamba alidanganya, na kwa nini. Sauda alikuwa akimenya, anasimama, anamenya.

"Ukawamwaga," alisema mwishoni.

"Nikawamwaga."

"Walikuwa wengi?"

"Mamilioni na mamilioni."

Sauda akalitazama lile peasi kama aliyesahau ni la nini. "Mama yake Mahimbo alikuwa akiniita kinu kikavu," alisema. "Mbele ya watu. Kumbe mamilioni. Nawe ukawamwaga kwenye sinki."

Zaituni alipiga magoti pale sakafuni, kwenye maganda. Sauda akamwambia ainuke, hapendi mambo hayo, na aliposita akamwambia tena kwa ukali.

"Ulinionea wivu mimi," Sauda alisema. "Hebu nieleze, maana nataka nielewe. Una mume. Una mtoto. Siku mwanao alipozaliwa, watu walinipigia simu kunipa habari kama wanaonipa pole. Niliizima simu, nikaenda kukaa na mapeasi mpaka jua likazama. Ulinionea wivu wa nini?"

"Hajawahi kukusema vibaya."

Kitu fulani kilipita usoni mwa Sauda ambacho Zaituni, hata katika hali ile, alikiona na kikamchoma: kilikuwa furaha.

Ilipita. Sauda akaweka kisu chini, akafuta mikono.

"Siku mama yake aliponiita kinu kikavu," alisema, "Mahimbo alikuwa ameketi pale na kikombe cha chai. Nilimtazama. Akanywa chai. Hilo ndilo lililoniondoa, si matusi ya bibi yule, matusi nimeyazoea. Sasa sikiliza. Nitaweka kidole. Lakini sitaki kuombwa na wewe, wala na daktari. Aniombe yeye. Nimsikie akifungua mdomo."

"Sheria haimruhusu kukujua."

"Na wewe sheria ilikuruhusu kuja hapa?"

Zaituni akatikisa kichwa.

"Na uwepo," Sauda akaongeza. "Siku akiniomba, nawe uwepo. Usisikilize kwa mlangoni."

* * *

Ilibidi kwanza Mahimbo ajue. Dakta Kemilembe alifumba macho muda mrefu kuliko kawaida, kisha akasema kuna sheria na kuna mtu anakufa, na yeye ataitwa kujibu kwa moja ya hayo mawili, afadhali la kwanza. Akampa Zaituni nafasi ya kusema mwenyewe.

Alisema akiwa ameweka kiganja kwenye kioo. Mahimbo alisikiliza akiwa amelala chali, midomo imepasuka.

"Ungeniua, Zaituni," alisema.

Hakuwa amemwita kwa jina hilo tangu Mishi azaliwe. Kwa miaka yote hiyo Zaituni alikuwa amelitamani.

"Ndiyo," alisema.

"Mtoto ungemwambiaje?"

Mahimbo aligeuza uso upande wa ukuta. Kisha akasema, bila kugeuka, wampigie Sauda.

Walimpigia mchana ule ule, uso wake ukatokea kwenye kioo cha ukutani, nyuma yake zile trei za matunda. Muuguzi alimwinua Mahimbo kwa mito. Zaituni alikaa kwenye kiti upande wa nje, mahali ambapo wote wawili wangemwona, kama alivyoagizwa. Alikuwa ameweka mikono mapajani na alikuwa akiibana.

Mahimbo hakuanza na kuomba. Alianza na chai. Alisema anakumbuka hata kikombe, chenye ua la buluu, na kwamba ile chai ilikuwa imeshapoa lakini aliinywa yote kwa kuwa alihitaji kufanya kitu na mdomo wake. Alisema alikuwa akimwogopa mama yake, na kwamba mwanamume mzima kumwogopa mama yake ni jambo la kuchekesha mpaka limgharimu mtu mwingine. Alisema kwa kutulia, akipumzika kati ya maneno. Zaituni hakuwahi kumsikia akiongea namna ile. Alidhani ni mtu asiye na maneno ya ndani. Kumbe alikuwa nayo, yamewekwa, na mwenye kuwekewa alikuwa Sauda.

"Nimeishi vizuri baada yako," Mahimbo alisema. "Sitakudanganya. Mungu amenipa mke na mtoto. Ila hilo la chai sijalimaliza."

Sauda alikuwa akilia bila kuficha, akijipangusa kwa ncha ya kanga. "Haya," alisema. "Sasa omba."

"Naomba, Sauda. Nisaidie nisife."

Zaituni alitazama mikono yake. Alitaka kutoka. Alitaka kuvunja kioo. Alitaka, zaidi ya yote, Sauda akubali upesi, na mambo hayo matatu yalikaa ndani yake kwa pamoja bila moja kulifukuza jingine.

Kesho yake Sauda alipanda mwenyewe mpaka Lushoto, akaweka kidole.

* * *

Mavuno mapya yalikuzwa na mkulima kijana kutoka Soni, makini, mwoga kidogo. Zaituni hakuruhusiwa kuvuka mlango wa pili. Alikaa kwenye bustani ya nje, na yule kijana alipotoka kupumzika alimwuliza rangi ya uji, na kama seli zinashika sakafu ya chupa au zimeanza kuelea, naye kijana akamjibu, kisha akaona haya na kukumbuka kwamba hakutakiwa kumjibu. Wakati mmoja kijana alisema amechelewa kuwahamisha walinzi. Zaituni alisimama wima kabla hajajua amesimama. Hakuwa na ufunguo. Akamwelekeza afanye nini, neno kwa neno, na kijana alipokimbia ndani, yeye akabaki akiwaombea dua walinzi wa Sauda Kimea, wasife.

Hawakufa. Waliingia chuo, wakafaulu, wakaingia kwenye mshipa wa Mahimbo, na safari hii viganja vyake vilibaki na rangi ya viganja.

Kesi ya Zaituni ilisikilizwa. Alizuiwa kugusa mbegu ya mtu yeyote maisha yake yote. Dakta Kemilembe alipewa karipio, naye akalitundika ukutani karibu na vyeti vyake. Mahimbo alirudi nyumbani mwembamba kama ufito. Alimsemesha Zaituni mambo ya chakula na ya mtoto. Walilala kitanda kimoja kama wasafiri waliokutana nyumba ya wageni, kila mmoja akijihadhari asimwamshe mwenzake. Mahimbo alikuwa akiswali, na mwisho wa swala alikawia kwenye dua, na Zaituni akiwa jikoni alijua anamwombea nani, kwa jina sasa. Wivu haukuwa umekwenda popote. Ulikuwa tu umezoea nyumba.

Mvua zilipoanza, Mishi alirudi shuleni akipiga chafya. Walimhamishia kwa shangazi, lakini walikuwa wameshachelewa. Kesho yake kabla ya adhuhuri Mahimbo alikuwa anawaka moto.

Zaituni alimpigia Dakta Kemilembe. Dakta akamwambia asimpe kitu cha kushusha homa, homa hiyo ni walinzi wamewasha moto. Angoje mpaka alasiri, na isiposhuka amlete mbio. Akamwambia apapase shingo.

Akapapasa. Chini ya taya, pande zote mbili, mitoki ilikuwa imevimba, migumu kama punje za mahindi mabichi. Alijua kilichokuwa ndani yake kuliko mtu mwingine yeyote milimani pale. Humo walinzi walikuwa wamejazana, wakigawanyika, wawili wakawa wanne, wakitoka kwa makundi kwenda puani na kifuani, wakimtafuta adui chembe kwa chembe. Hakuna hata mmoja aliyekuwa wake. Yeye, mke, alikuwa na kitambaa na beseni.

Mahimbo alitetemeka, akasema maneno yasiyoeleweka, akaomba maji, akayatapika. Mvua ilipiga bati. Zaituni alimgeuza, akampangusa, akarudisha vidole pale shingoni, akavibakiza. Chini ya vidole mshipa ulikuwa ukienda mbio. Akainama mpaka mdomo wake ukakaribia sikio la mumewe, lakini hakuwa akisema naye.

"Haya, dada," alinong'ona. "Kaza. Usiniachie hapa katikati."

Alisema hivyo tena na tena, wakati mwingine kwa kubembeleza, wakati mwingine kwa hasira, kama mtu anayesukuma gari lililokwama tope pamoja na jirani asiyemsemesha. Mvua ikapungua. Shuka likaanza kuloa. Akadhani amemwaga maji, kisha akaona ni jasho. Lilitoka kwenye paji la uso, kwenye kifua, mgongoni, likatiririka. Akaweka shavu lake kwenye bega la Mahimbo. Lilikuwa na ubaridi wa mtu mwenye afya.

Mahimbo alifumbua macho. Alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya kioo hakuharakisha kuangalia kwingine.

"Muda wote huo ulikuwa unaongea na nani?" aliuliza.

"Na mke mwenzangu," Zaituni alisema, akainuka kwenda kumtafutia shuka kavu.